Filamu ya Waandishi wa Gazeti Niliyoitafsiri Flagey

Baba alinituma Ubelgiji kwa sababu dada yake, Shangazi Neema, alikuwa anataka kurudi Kigoma, na si kwa kusalimia. Alitaka kumwacha mumewe. "Wewe si ndiye mchekeshaji wa darasa?" Baba akasema. "Nenda ukawachekeshe." Nikaona heri angenituma kuteka maji kwa pakacha.

Kigoma hadi Dar nililala. Dar hadi Brussels sikulala. Nilikuwa natunga vichekesho, na vyote vilikuwa vibovu.

Uwanja wa ndege, asubuhi. Walikuja wote wawili kunipokea, kila mmoja upande wake wa mlango kama milingoti ya goli. Tonton Dieudonné, mume wa Shangazi, ni mtu wa Bukavu. "Alors, mutoto, umefika muzuri? Bon, umwambie shangazi yako gari iko kule."

Shangazi alikuwa hapo hapo. "Mwambie nimesikia."

Evere, nyumbani kwao. Wawili hawa wanaandika gazeti dogo la Wakongo wa hapa. Shangazi aliandika makala kuhusu akina mama wanaouza katika soko la Jumapili pale stesheni ya Gare du Midi, Tonton akaichapa kwa jina lake mwenyewe. Sifa zikamiminika, naye akazipokea. Tangu hapo meza yao ya kazi ina mpaka wa vitabu katikati, na mimi nikawa forodha: kila neno lilipitia kwangu.

Jumamosi, mtaa wa Flagey. Wasomaji wao walikodi ukumbi waone filamu ya enzi zile filamu zilipoanza tu kusema: mume na mke, wote waandishi wa gazeti, wanapendana na kugombana kwa Kiingereza cha mbio. Tonton alishaahidi watu kwamba nitaitafsiri kama kwetu kwenye banda umiza, vile vibanda vya video: sauti chini, mtafsiri na kipaza sauti. Desturi ya banda ni kwamba wahusika hupewa majina ya watu waliokaa humo ndani. Basi mke nikamwita Neema, mume Dieudonné. Watu wakacheka mpaka maman mmoja akaomba maji.

Tatizo, sikuwa nimeitazama filamu mpaka mwisho.

Katikati, mke anapandishwa cheo, mume ananuna. Halafu mke anavuta sanduku, anaanza kukunja nguo. Dieudonné wa kwenye pazia akafungua mdomo, nami sikuwa na neno la kumpa.

"Mutoto," Tonton akasema kutoka kitini, "umwambie ile texte ya soko ilikuwa yake."

"Mwambie ana mdomo," Shangazi akajibu, macho mbele.

Tonton akasimama, kichwa chake kikaziba lile sanduku. "Ile texte mulinisifu nayo, ni Neema aliandika. Miye niliiba. Voilà."

"Tulijua, tonton," akasema yule maman wa maji. "Wewe hauandikake vile."

Nikamtazama Shangazi. Hakucheka. "Kaa chini," akamwambia. "Unatuziba."

Siku ya kurudi. Sanduku kubwa la Shangazi lilikuwa ndani ya buti la gari. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi, mtu wa maneno, nikaogopa kuuliza. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege akalipandisha kwenye mizani. "Hili unaenda nalo wewe. Nguo za wadogo zako."

"Na wewe?"

"Nabaki. Mwambie baba yako huyu nimemsamehe nusu."

"Na nusu ingine?" Tonton akamuuliza yeye mwenyewe, bila kupitia forodha.

"Ukurasa wa kwanza, kwa jina langu. Halafu tutaona."

Nilichojifunza Brussels ni kwamba mimi, mchekeshaji mzima, nilisaidia pale tu nilipokosa la kusema. Naomba walimu wangu wasiisome sehemu hii.