Mteja wa Mama Vifungo

Kiwanda cha sare za shule kilipofungwa, Mama Vifungo alirudi nyumbani na mambo mawili: jina la utani, na kidole gumba kigumu kama pembe. Jina alilipata kwa kukaa kwenye meza ya vifungo tangu usichana wake mpaka mvi zikamtoka. Wenzake walisema hata akifumbwa macho angepapasa kifungo na kukuambia ni cha shati au cha sketi. Sasa meza yenyewe haipo tena. Akaweka cherehani chumbani, kati ya kitanda na dirisha, akaanza kushona kitu alichokuwa na uhakika nacho: gauni refu, pana, linalofunguka mbele lote kwa vifungo, kuanzia shingoni hadi chini.

"Utaliuzia wapi?" mumewe aliuliza. Alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa maswali.

"Kwenye simu. Siku hizi kila mtu anauzia kwenye simu."

Hapo ndipo wifi yake alipoingia. Huyu alikuwa dada mdogo wa mumewe, mfanyakazi wa ofisi ya matangazo, mwenye moyo mzuri na ulimi usiojua likizo. Alikuja Jumapili mchana, akavua viatu, akalishika gauni na kuligeuza huku na huku.

"Zuri, wifi. Haya niambie, mteja wako ni nani?"

"Mtu yeyote anayevaa gauni."

"Mtu yeyote ni sawa na hakuna mtu. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse wewe unayetaka kuikumbatia dunia nzima. Mfikirie mtu mmoja tu. Ana umri gani? Anafanya kazi gani? Anaogopa nini?"

Mama Vifungo akamgeukia mumewe amwokoe, lakini bwana alikuwa ameshaweka kioo cha kukuzia jichoni, yuko ndani ya saa ya watu.

"Nitajuaje anachoogopa mtu nisiyemjua?"

"Ndiyo maana tunamtunga."

Wakamtunga. Hadi jioni alikuwa amekamilika: mama kijana, ana kichanga, amerudi kazini, anataka gauni la kufunguka mbele ili anyonyeshe bila taabu. Binti wa jirani aliyejifungua karibuni akaazimwa pamoja na mwanawe, akavalishwa gauni la maua, akapigwa picha dirishani. Picha zikapelekwa mtandaoni, na watu wakazipenda kwelikweli. Mtoto mzuri, waliandika. Mashavu hayo. Mungu amkuze. Gauni halikuuliziwa na mtu.

Kisha simu ikaita. Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume.

"Lile gauni la vifungo, mnalo la rangi ya giza? Kubwa kabisa?"

"La mama mtoto?"

"La mama," yule bwana akasema.

Aliyefuata naye alikuwa mwanamume. Baada yake akapiga binti mmoja aliyetaka kujua kama kitambaa kinavumilia maji ya moto sana. Kila siku Mama Vifungo alifunga mzigo, akampa mtu wa pikipiki, akarudi kwenye kiti chake kichwa kikimzunguka kama pia.

"Labda siku hizi akina baba wananyonyesha," mumewe akasema bila kuinua uso.

Wifi hakucheka. "Hao wamepotea njia. Picha hazisemi vya kutosha. Tuongeze mtoto."

Wakaongeza mtoto. Wanaume nao wakaongezeka. Vitambaa vya giza vikaisha rafuni, vya maua vikabaki vinamtazama. Mama Vifungo alianza kuhisi kwamba anafanya biashara mbili, moja ya kwenye picha na nyingine ya kwenye simu, na hakuna hata moja anayoielewa.

Yule wa kwanza, mwenye sauti nzito, akarudisha gauni. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: vifungo vidogo, havishikiki.

Hilo lilimchoma Mama Vifungo. Angeambiwa kitambaa kibaya angenyamaza, lakini vifungo! Akavitoa vyote, akaweka vikubwa, akapanua matundu, kisha akalibeba gauni mwenyewe hadi mtaa wa mafundi wa mageti.

Yule bwana wa simu alikuwa mchomeleaji, mikono yake imejaa makovu madogo ya cheche. Alimkaribisha chumba cha mbele. Karibu na dirisha palikuwa na kitanda, na kitandani bibi mmoja ameegemea mito, mkono wake wa kushoto umelazwa juu ya mto wa peke yake kama mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeshona?"

"Ni kiharusi," mwana akaeleza. "Mkono hauinuki. Gauni la kuvalia kichwani ni vita kila asubuhi, na nyumba hii haina binti. Hili namfunika nalo kwanza, halafu nafunga kutoka chini huku naangalia ukutani."

"Anaangalia ukutani kweli," bibi akasema. "Juzi kanifunga pamoja na shuka."

Mama Vifungo akacheka kabla hajajizuia, na bibi akaonekana kuridhika. Lakini gauni lile lile la giza lilipotandazwa tena, uso ukambadilika.

"Nauliza tena, nani kakwambia uninunulie nguo ya msiba? Mimi naumwa, sijafiwa. Nilitaka ile ya maua, aliyovaa yule binti mwenye mtoto kwenye simu yako."

"Mama, giza linaficha madoa."

"Madoa ni yangu."

"Na kufua ni kwangu."

Wote wawili wakamtazama Mama Vifungo, kila mmoja akingoja aungwe mkono. Alimwelewa huyu, akamwelewa na yule, na kuwaelewa wote wawili hakukumsaidia kitu.

Jioni akarudi na gauni lake, akawasimulia wa nyumbani.

"Anayelipa ndiye mteja," wifi akasema. "Hilo halina mjadala."

"Mke akileta saa ya mumewe," fundi saa akauliza, "mkanda naupima kwa mkono wa nani?"

"Na huyo mke asipoipenda, atairudisha nani?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama Vifungo akawaacha, akakata kitambaa cha maua. Baadaye akampelekea mchomeleaji magauni yote mawili achague. Jibu lilikuja asubuhi: la maua. Chini yake akaongeza kwamba mama amelivaa tangu jana, hataki kulivua.

Akabadilisha picha. Alilitandaza gauni juu ya kiti, vifungo vimefunguliwa, akaandika: gauni la asiyeweza kuinua mkono. Wifi alishika kichwa. "Umemfukuza mama wetu kijana." Cha ajabu, akina mama vijana ndio kwanza wakaanza kupiga. Mmoja alisema mtoto akilala mkononi, mkono huo nao hauinuki. Wifi akaomba siku chache za kufikiri.

Tangu hapo Mama Vifungo humwuliza kila anayepiga: nani atavaa? Wengi hujibu upesi. Wiki iliyopita mwanamke mmoja alimjibu kwa swali.

"Kwa nini mnauliza?"

"Nijue vifungo vya kuweka, mwanangu."

"Ni mimi." Sauti ikashuka. "Nimekatwa titi moja. Sijamwambia mtu huku kazini."

Mama Vifungo aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Mkono unainuka?"

"Nusu."

"Na rangi unapenda ipi?"

Mwanamke akaanza kutaja rangi moja, akaiacha.

"Sijui," akasema.

"Hata mimi sijui," Mama Vifungo akamjibu, akavuta kiti karibu na rafu ya vitambaa. "Tuanze na zile usizozipenda."