Maji Aliyoyatema Shemasi

Tulikuwa wachache siku ile kwenye ukumbi wa kanisa hapa Voi. Nitawataja, maana usipojua nani ni wa nani hutaelewa kitu. Kulikuwa na mwalimu, binti aliyeletwa kutufundisha ushauri nasaha. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na shemasi, ambaye baba yake na baba wa marehemu mume wangu walizaliwa tumbo moja, kwa hivyo ananiita shemeji. Kulikuwa na mama wa ndizi, jirani yangu, mtu wa Mboghoni aliyeolewa huku. Na mke wa mwanangu, aliyekuja kutupikia chai tu. Wengine walikuwa wa jumuiya, wakakaa nyuma, hawamo katika maneno haya. Majina ya wote ninayo, na ya watoto wao, na ya mbuzi wa baadhi yao. Siyaandiki. Wenyewe wako hai na macho wanayo.

Shule niliachia darasa la tatu, lakini ya mwalimu niliyaelewa kwa sababu hayakuwa mengi. Mtu akija na shida, alisema, usimpe dawa yako. Muulize angetaka iwe vipi. Muulize ni lini shida ilikuwa nafuu, hata kidogo, na siku hiyo kulikuwa na nini. Muulize kutoka sifuri mpaka kumi yeye yuko wapi. Halafu mtafute pamoja hatua moja ndogo, ya kesho, sio ya mwaka ujao. Maneno yawe mafupi, na mwenye shida ndiye mwenye kujua nyumba yake.

"Umeshika, shosho?" akaniuliza.

"Shosho yuko Nairobi. Mimi hapa ni nyanya."

Akacheka, akaomba radhi. Sio mtoto mbaya. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuuliza nani ni wa nani. Huku kwetu ukiwakusanya watu chumba kimoja bila kuuliza hilo, umeshaharibu.

Akataka mtu akae kwenye kiti cha mwenye shida, na shida iwe ya kweli. Watu wakaangalia viatu vyao. Mke wa mwanangu alikuwa anapanga vikombe. Akaweka sinia chini, akasema, "Nitakaa mimi."

Asubuhi ile nilipita kwake nikauona mfuko nyuma ya mlango, umefungwa, na kola ya sare ya mjukuu wangu imejitokeza juu. Kwao ni Makwasinyi. Mwanangu ni dereva wa lori huko Taveta, hurudi mwisho wa mwezi, na mwezi huu angerudi akute nyumba tupu, na mimi sina mtoto wa kuniita nyanya.

"Na mshauri?" mwalimu akauliza.

Shemasi alikuwa ameshasimama. Vidole vilikuwa na mafuta ya mandazi, akavipangusa kwa kitambaa cha kiti, kile cheupe tunachofua sisi. Akaketi magoti wazi.

"Binti yangu, shida nini?"

"Nimechoka, baba. Nyumbani."

"Unaomba?"

"Naomba."

"Basi unaomba vibaya. Mwanamke ambaye mume yuko mbali, shetani ana namba yake ya simu. Hebu sema, nani hukupigia jioni?"

Huko nyuma wakacheka. Akafurahi kuchekewa, akamgeukia mwalimu. "Huyu mimi nampa mbili kwa kumi."

"Namba anajipa mwenyewe," mwalimu akasema.

"Aa, mimi namjua tangu aolewe!"

Akisema, mate yanaruka. Niliyaona yakitua kwenye mkono wa mke wa mwanangu, naye hakuyafuta. Nilijua alikoyazoea. Kila jioni shemasi huenda kwake, eti anaangalia boma la marehemu ndugu yake. Hufunua sufuria kabla watoto hawajapakuliwa. Huchopoa nyama kwa vidole, hulamba mwiko, na mwiko ule ule huurudisha kwenye mchuzi. Akishiba anaomba simu aone nani amepiga. Nilimwambia awe anakula kwangu, akasema chakula cha wazee hakina chumvi. Nilimwambia mwanangu, akasema, "Mama, yule ni mzee wa ukoo." Mzee! Mtu anayelamba mwiko wa watoto.

"Toka kwa kiti, shemasi!" Huyo ni mama wa ndizi. "Mimi hata wa kununua ndizi namuuliza anataka mbivu ama mbichi!"

Mwalimu akaniita mimi. Nikakalia kiti kile, bado kina joto lake, ikanikera hata hiyo. Maneno yalinijaa kinywani. Nilitaka kumuuliza mfuko ule ni wa nini. Nilitaka kumwomba. Nikayazuia yote nikauliza la mwalimu.

"Ungetaka iwe vipi?"

"Jioni nikae na watoto wangu, tule, tufunge mlango."

"Lini ilikuwa hivyo?"

Akafikiri, kisha akatabasamu kidogo. "Siku ile ndovu walitoka mbugani tukaambiwa mtu asipite njiani. Hakuja mtu. Watoto walikula mpaka wakasaza."

Kila mtu alijua ni nani ndovu walimzuia. Shemasi mwenyewe alikuwa anachokonoa meno. "Kwani nani huja?" akauliza. Mama wa ndizi alicheka mpaka leso ikamdondoka.

"Siku ya ndovu ulikuwa ngapi?" nikaendelea.

"Saba."

"Na leo?"

"Moja."

"Ifike mbili, kesho kuwe na nini?"

Akaniangalia sana. "Uje ukae mlangoni kwangu jioni, mama. Usiseme kitu. Ukae tu."

Kwa mtu kama mimi, hilo la kutosema kitu ni kazi kuliko kulima.

Kesho yake nikaenda na kigoda changu na uteo wa mbaazi, nikakaa katikati ya mlango. Shemasi akaja, kofia mkononi.

"Shemeji, nipishe."

Nikachagua mbaazi. Akanyoosha shingo juu ya kichwa changu, pua yake inatafuta sufuria. Alipoona sisogei akabadilisha sauti. "Naona kuna hasira hapa. Basi tufanye kama wazee, tutase, yaishe."

Sisi Wadawida zamani watu wakikosana, mwenye hasira alipewa maji au pombe ya miwa. Anaisema hasira yake wazi, wote wasikie, ndipo anatema kile kinywaji kwa baraka, na moyo unakuwa mweupe. Huko ndiko kutasa. Shemasi Jumapili huita jambo hilo ushetani. Jioni hiyo kwa ajili ya mchuzi akakumbuka kutasa. Akaitisha kikombe cha maji, mke wa mwanangu akamtolea kutoka ndani, naye akajaza kinywa, akasukutua krr krr, akatema uani bila kusema neno. Matone yakaanguka kwenye mbaazi zangu.

"Basi, imeisha. Kumepikwa nini?"

Hasira sio yake, maji katema yeye! Sijawahi kuona uchafu kama ule, na nimeosha wafu. Lakini nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nikainuka, mbaazi zote nikawamwagia kuku. Nikakisugua kikombe kwa majivu, nikakisuuza, nikakijaza maji, nikampa mke wa mwanangu.

Akakishika kwa mikono miwili, akamtazama mzee yule usoni.

"Baba, nina hasira na wewe. Unafunua sufuria yangu. Unashika simu yangu. Wanangu wanakula masazo yako. Mume wangu asipokuwepo, usije."

"Sawa, sawa, nimesikia. Sasa tema."

Aliyaangalia maji kwa muda. Kisha akasema, "Bado iko," akakiweka kikombe dirishani, akakifunika kwa kisahani.

Shemasi alisubiri, kofia inazunguka mkononi, kana kwamba kisahani kitajifunua chenyewe. Halafu akaondoka, akilaumu semina za wanawake. Hajarudi. Kikombe bado kiko dirishani. Mfuko bado uko nyuma ya mlango, lakini umelegea, na sare ziko kwenye kamba zinakauka. Siulizi. Jioni nakaa.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Pengine alisema sita, sio saba, na mama wa ndizi anashikilia kwamba mbaazi zile zilikuwa kunde. Kama ulikuwepo na niliyoandika siyo, njoo unisahihishe, utanikuta mlangoni. Isipokuwa wewe shemasi. Wewe tuma mtu.