Kura Moja ya Mama Kathambi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uchaguzi nilipewa kuhesabu watu. Ulikuwa wakati wa mlolongo, wapiga kura walipojipanga uwanjani nyuma ya wakala wa mgombea wao. Nilipita nikiwagusa mabega, na shahada yangu ya historia ikiwa bado mbichi, nikapotea nilipopita mia. Afisa Msimamizi wa Uchaguzi, mkubwa wa eneo bunge zima, alinitazama bila hasira. "Rudia, Digrii," akasema. Jina hilo lilinikaa miaka mingi.

Nilikuwa mwalimu, na kila uchaguzi niliazimwa. Masanduku yaliporudi nilikuwa karani karibu na Runyenjes, kisha nikahamishiwa shule moja juu ya Mikinduri, na huko nikapandishwa kuwa Msimamizi wa Kituo. Kazi ilikuwa na mpangilio. Karani wa kwanza alitafuta jina daftarini. Wa pili alichana karatasi ya kura na kuigonga muhuri mgongoni, kwa kuwa karatasi isiyo na muhuri haihesabiwi. Wa tatu alipaka kidole wino. Asiyejua kusoma aliletwa kwangu pembeni, akaninong'oneza chaguo lake, nami nikamwekea alama. Siri hiyo niliiapia.

Mwaka ule, mmoja wa wagombea wa ubunge alikuwa fundi cherehani wa sokoni Mikinduri, Baba Kathambi. Hakuwa na gari wala wakala. Mwenyewe alipiga kura sokoni. Mkewe aliandikishwa kwangu, karibu na shamba lao. Mama Kathambi, ambaye hakujua kusoma, alifika akichechemea. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona nimwonee huruma. Nilimkalisha, nikachana karatasi mwenyewe, nikamwuliza anamtaka nani.

"Weka kwa yule wangu," akanong'ona. Jina la mumewe hakulitaja. Wake wa rika lake hawakutaja.

Niliweka alama safi kabisa. Kisha nikamsaidia kuitumbukiza sandukuni, nikijisifu moyoni kwa wema wangu.

Tulipohesabu, niliinua karatasi moja yenye alama ninayoijua kama mwandiko wangu. Niliigeuza. Mgongo ulikuwa mweupe. Kwa haraka ya huruma nilikuwa nimemruka karani wa muhuri. Mawakala walinitazama, nami nikasema kilichotakiwa kusemwa: imekataliwa. Nikaandika kwenye fomu, mbele ya jina la Baba Kathambi, sufuri, nikatia sahihi.

Kushindwa alikuwa amekutarajia. Sufuri ya nyumbani kwake hakuitarajia. Sokoni walimwuliza kama siku hizi anajipikia. Mama Kathambi aliapa kwamba alimpigia yeye; mumewe akamwambia fomu ya serikali haina sababu ya kumwonea. Akahamishia godoro dukani. Wiki zikapita bila yeye kurudi nyumbani, na kanisani mama yule akawa anakaa benchi la mwisho.

Nilikwenda kwa Afisa Msimamizi na kumweleza. "Kosa ni lako, unaweza kulitangaza hata sokoni," akasema. "Kura ni yake. Hiyo huna ruhusa ya kuigusa, Digrii."

Nikaenda dukani. Baba Kathambi alikuwa akishona sare za shule na hakusimamisha cherehani.

"Fundi, fomu ile usiiamini sana," nikasema. "Kuna kura niliyoiharibu kwa mkono wangu. Nilisahau muhuri."

"Ya nani?"

"Nimeapa nisiseme."

Cherehani ilisimama. "Makarani wako ndio wanaogonga muhuri, Mwalimu. Wewe huandikia wale wasiojua kusoma tu."

Alinitazama, nami nikaitazama sakafu, na labda hapo ndipo nilipovunja kiapo, bado sijaamua. Alikunja sare ile kabla haijaisha.

"Aliniambia," akasema. "Mara tatu aliniambia." Kisha akaniomba nimsaidie kubeba godoro mpaka barabarani. Digrii akabeba.

Sasa nimestaafu, na vijana wa vituoni wana mitambo inayotambua vidole. Wakiniuliza, huwaambia wafuate utaratibu hasa wanapojisikia wema. Hucheka, wakidhani natania.

Uchaguzi uliofuata ule wa sufuri, Baba Kathambi hakugombea. Mama Kathambi alikuja kituoni kwangu, nikainuka kumkaribisha pembeni. "Kaa tu, Mwalimu," akasema. "Baba Kathambi amenifundisha kusoma." Alichukua karatasi iliyogongwa muhuri, akaingia kibandani peke yake, akakawia mno. Foleni ilinung'unika mpaka mlangoni. Niliwaambia wasubiri. Alipotoka alikuwa ameikunja mara nne, akaitumbukiza mwenyewe, na mpaka leo sijui alimpigia nani.