Jina Alilobaki Nalo Rael

Rael alikuwa binti ya Kiptoo, mfugaji wa upande wa Plateau, na hakuzaliwa kwa watu wangu. Hilo naliweka mbele kabisa, kwa maana shida yote iko hapo.

Mimi ni Nyakio. Pale Munyaka, kando ya mji wa Eldoret, tulikuwa na duka la mabati, mimi na mume wangu, mzee Githinji. Tuliuza unga, mafuta ya taa, sabuni ya kipande, na picha ya Rais ilikuwa ukutani nyuma ya kaunta, kwa sababu miaka ile duka bila picha lilikuwa linaulizwa maswali. Shule nilisoma mpaka darasa la nne. Nilitolewa nikiwa namba mbili, na namba moja alikuwa mtoto wa mwalimu. Kwa hivyo haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwetu Wakikuyu jina haliokotwi njiani. Msichana wa kwanza anapewa la mama ya baba yake, wa pili la mama ya mama yake. Mama yangu aliitwa Wahu. Ndugu zangu wote waliisha kwa njaa katika vile vijiji vya kufungiwa vya wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, nikabaki mimi. Msichana wangu wa pili akawa Wahu, na baada yake tumbo langu halikushika tena. Basi dunia nzima, jina la mama yangu lilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa: mtoto mwembamba, mwenye koo la kuuma kila msimu wa baridi. Nilikuwa nikimwita Maitu, ndiyo kusema mama yangu, na yeye aliitika kwa maringo kama mwanamke aliyenizaa kweli.

Rael aliletwa Munyaka kukaa na mjomba wake ili asome. Hiyo ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, wako darasa la sita. Walijuana kwenye foleni ya maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu. Wahu hakupenda maziwa, akampa yule msichana mgeni pakiti yake. Rael, mtoto wa boma la ng'ombe, akaonja, akakunja uso.

"Hii ng'ombe ilikuwa mgonjwa?"

Wahu alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo alikuja naye dukani, na tangu siku hiyo nikawa napima ugali wa mtu mmoja zaidi.

Kilichowashona pamoja ni vile vitabu. Githinji alipokuwa mjini kuchukua bidhaa alimnunulia Wahu kitabu kidogo nyuma ya soko, hakina hata jalada. Kilikuwa cha wasichana wanne wa shule ya bweni iliyo kando ya mto, jinsi walivyopatana na kugombana na kupatana tena. Mwisho wake kiliahidi kingine, na hicho kingine kikaahidi kingine. Kila mzee akienda mjini alirudi na kimoja. Walivisomea juu ya magunia ya unga, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata na kidole. Mimi nikipima sukari nasikia yote.

"Hawa wasichana hawana mama?" nikawauliza. "Huu ni mwezi sasa sijasikia hata mmoja akichota maji."

"Mama, wako na mfereji," akasema Rael.

"Na kuni?"

"Kuni ziko kitabu cha nne," akasema Wahu, wakaangukiana kwa kicheko.

Katika kitabu cha tatu, msichana mmoja mrefu anahamishwa shule, na rafiki yake mwenye kigugumizi hataki kumwacha. Basi wanabadilishana majina. Kila mmoja akae na la mwenzake mpaka waonane tena, ili kila asubuhi mwalimu akiita majina, yule aliye mbali awe ameitwa. Mimi nilisikia hayo nikaona ni hadithi tu. Hawa wangu wawili waliimeza nzima nzima.

Wiki iliyofuata Mwalimu Johnstone alisimama mlangoni mwa duka na kofia mkononi.

"Mama Wahu, wasichana wako wamenishinda."

"Wangu darasani mwako ni mmoja, mwalimu."

"Sasa huyo mmoja ndiye sijui ni gani. Nikiita Wahu, anasimama Rael. Nikiita Rael, Wahu ananiambia, 'Niko, mwalimu.' Nimewachapa wote wawili na hakuna aliyelia. Sasa mkono ndio unaniuma mimi."

Nilifunga duka mchana. Nikawaweka mbele yangu.

"Jina la mama yangu si sweta ya kuazimana," nikasema. "Rael, unajua ni la nani hilo?"

Rael aliinamisha kichwa vile kwao wasichana wanavyofanya mbele ya mkubwa. "Najua, mama. Wahu ameniambia wote waliokufa. Sijalichafua."

"Rudisha."

"Lakini, mama," Wahu akaingilia, "kwa kitabu haiwezi kurudishwa kabla..."

"Kitabu hakikuzaa mtu hapa!"

Mbele yangu walirudishiana. Nyuma yangu waliendelea, nilijua, ila kwa mwalimu wakawa wanaitika inavyotakiwa.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Ndiyo ile tulikula mahindi ya njano ya msaada. Wahu alianza kuvimba miguu. Akitoka shule anasimama njiani mara kwa mara kutafuta pumzi, na Rael anabeba mikoba miwili. Tulimpeleka hospitali ya misheni pale Plateau. Walituambia ni moyo, kwamba lile koo la kila msimu lilikuwa limeuharibu polepole kwa miaka, mlango mmoja wa ndani haufungi tena. Sina neno baya juu ya watu wale. Walimshika kama wao.

Likizo ya Agosti Rael alikuwa kwao, na kwao hapakuwa mbali na hospitali. Kila alasiri alikuja na mursik, yale maziwa yao ya kulala kwenye kibuyu, na kitabu cha nne. Cha tano ndicho kilikuwa cha mwisho, na hicho hakikufika Eldoret. Githinji alikitafuta mpaka akachoka.

"Yule mrefu na yule wa kigugumizi," Wahu akauliza siku moja, "walionana tena?"

"Hatujui. Kitabu hakijakuja."

"Wewe unafikiri?"

"Mimi nafikiri walionana, halafu wakagombana."

"Kwa nini wagombane?"

"Kwa sababu ya jina. Yule mrefu alikuwa amelizoea."

Walicheka, na kicheko kikawa kikohozi, nesi akatuangalia vibaya.

Mimi nilikuwa nimeingiwa na wazo. Nilijiambia mtoto huyu haponi kwa sababu jina lake liko kwa mtu mwingine. Mwili umelegea kwa kukosa mwenye kuushika. Cheka ukitaka. Nyanya yake, mama yangu, alikuwa amepita njaa na bunduki akiwa na jina hilo, na mimi niliamini lina nguvu. Nikamwambia Rael, mbele ya kitanda:

"Leo mrudishie kabisa. Sio ya mchezo. Apone nalo."

Rael aliweka kibuyu chini. Akamshika mkono. "Wahu, chukua."

Wahu alitikisa kichwa juu ya mto. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ni kwangu alikuwa akiangalia.

"Kaa nalo, Rael. Nikienda nalo mimi, litakuwa limeenda. Na mama hana lingine."

Nilimkemea asiseme maneno kama hayo. Alhamisi ya wiki hiyo nilitoka kuanika kanga yake, na niliporudi Rael alikuwa bado amemshika mkono na hakugeuka kunitazama.

Tulimzika. Rael alisimama nyuma ya watu na sweta ya shule. Baada ya hapo hakuja dukani, na mimi sikumtuma mtu amwite. Picha ya Rais ilikuwa pale pale, magunia pale pale, hapana mtu wa kuyakalia.

Yaliyompata Rael niliyasikia kwa wateja. Alipita mtihani wa darasa la nane vizuri, akaitwa sekondari. Lakini ng'ombe za Kiptoo zilikuwa zimekufa na ule ukame, na nyumba ilikuwa na wavulana wa kusomeshwa kwanza. Alikaa nyumbani kukamua zilizobaki. Baadaye aliolewa mbali kidogo, mahali panapoitwa Ziwa, na Kipyego, dereva wa trakta katika mashamba ya ngano. Hakuwa mtu mbaya, walisema. Na hapo ndipo watu humaliza habari za msichana.

Mwaka wa themanini na tisa akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimjua kwa kile kichwa cha kuinama.

"Mama, nimekuja kukuambia. Sikuweza."

Nilimpa chai kwanza. Kisha akanieleza. Kwao mtoto akizaliwa, akina nyanya hukaa naye na ugoro. Wanampaka kidogo puani, wanaita majina ya waliokufa wa ukoo mmoja mmoja, na lile atakalolipigia chafya, basi huyo ndiye amerudi. Mama mkwe aliita wa karibu, mtoto kimya. Akaita wa mbali, kimya.

"Mimi niko kitandani," Rael akasema. "Nikasema, Wahu. Mama, alipiga chafya mpaka akashtuka mwenyewe."

"Eh!"

"Wakauliza, huyo ni nani? Nikasema ni rafiki yangu. Wa ukoo gani? Nikasema, wa Munyaka. Nyanya mmoja alicheka akafuta machozi. Lakini mama mkwe akasema, mtoto akibeba mtu wa Wakikuyu, siku moja atatoka aende kutafuta watu wake. Wakapaka ugoro tena, wakaita Jeruto, nyanya ya Kipyego. Akapiga chafya. Ni ule ugoro wa kwanza, mama, mimi najua. Lakini ikawa imeisha. Kila mtu anamwita Jeruto."

"Hawakukosea," nikamwambia. Nilitumia ile sauti ya dukani. "Hata sisi tungekataa."

Hakubisha. Alimshusha mtoto akamkalisha juu ya kaunta, kando ya mizani, akamshika kiuno.

"Mwite tu, mama. Mara moja. Asikie."

Tangu siku ile ya hospitali sikuwa nimelitamka jina hilo. Watu walisema Mama Wahu na mimi naitika, lakini hilo ni jina langu, si lake. Niliinama mpaka nikasikia harufu ya maziwa kwa mtoto.

"Wahu," nikasema.

Mtoto alikuwa anaangalia mizani ikicheza.

"Niko, mama," akajibu Rael.

Alikuwa anafunga leso, kichwa chini, neno limemtoka tu kama darasani. Alipojisikia alifunika mdomo. Tukabaki hivyo, mtoto katikati yetu, mpaka mteja akaja akataka kiberiti.

Alirudi Ziwa jioni ile. Alikuja tena mara chache, nyumba ya watu ina kazi, na njia ni mbali. Akija namwita hivyo, na anaitika. Jeruto ni mtoto mzuri, mwenye salamu, lakini ni wa watu wake. Rael hakupata msichana mwingine. Akishavuka barabara na kikapu chake namtazama mpaka apotee machoni, ndipo narudi ndani. Jina linaenda naye, linashuka Ziwa, na huko hakuna anayeliita.