Ugali Ulioliwa Basini

Jamani, wiki hii nimeona maajabu! Nilipandia basi pale Flemingdon Park, mtaani kwetu huku ughaibuni, nikakaa nyuma ya bwana mmoja na mkewe, Wakenya wenzangu. Mke amepakata hotpoti yenye chakula cha mumewe cha kazini, maana bwana huyo mikate ya huku hali.

Basi linaenda, bwana akafunua kifuniko. Akauminya ugali kwa kidole gumba mbele ya watu wote!

"Mama Watoto, huu haujaiva. Mama yangu angeumwaga."

Mimi mdomo wazi. Nikangoja mama wa watu alie. Wapi! Alimega tonge, akachovya kwenye mboga, akala. Halafu akanigeukia: "Auntie, karibu."

Heh! Nikakaribia. Bibi mmoja Mjamaika naye akapewa, akala mpaka akalamba vidole.

"We Mama Watoto! Unagawa chakula changu?"

"Si umesema haujaiva? Nikupe kitu kibichi uumwe na tumbo?"

Nilicheka mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Bwana akaanza kubembeleza: "Niachie basi kidogo, mwenzio natoka kazini jioni."

Mkewe akamuuliza taratibu, "Umeiva?"

Bwana akachungulia hotpoti. Kituo chake kikafika, mlango ukafunguka.

"Umeiva," akasema, sauti kama ya mtoto aliyechapwa.

Akapewa tonge lililobaki. Akashuka nalo mkononi, theluji inamwangukia, anatafuna. Na nyinyi mabwana mnaominyaminya, ugali ule niliula mimi mwenyewe. Uliiva tangu nyumbani!