Amina ya Kitindamimba

Miaka ile ya sabini nilikuwa nikiuza chai na mandazi Malaba, pale malori yalipopanga foleni kungoja forodha. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, baba alipofariki na mama akamfuata upesi, nikabaki na wadogo zangu watatu. Sikuwa na wakati wa kupiga magoti asubuhi, kwa hiyo nilisali nikikanda unga. Madereva walizoea kuona midomo yangu ikienda.

"Dada, unaongea na nani?" mmoja aliniuliza.

"Na Mungu."

"Basi mwambie karatasi zangu zitoke leo."

"Mwambie mwenyewe. Kwake hakuna foleni."

Nyumbani tulisali pamoja baada ya chakula, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Kila mmoja alipewa nafasi ya kuomba, nao wakaigeuza baraza la chifu. Mdogo anayenifuata, kijana wa maneno mengi, alifumba macho na kusema, "Baba wa mbinguni, unamjua aliyelamba sukari. Mguse moyo. Amekaa karibu na mlango." Aliyekaa karibu na mlango akajibu zamu yake ilipofika: "Bwana, msamehe anayenisingizia, na umkumbushe aliacha jembe wapi."

Nilipokemea, kelele ziliongezeka. Basi nikaweka sheria: ukianza kusema na watu badala ya Mungu, yeyote anaweza kusema amina, na sala yako imekwisha hapo hapo. Mwanzoni sala zetu zilikuwa fupi kama chafya. Hata mimi nilikatwa, nilipoanza kumweleza Mungu jinsi ninavyoteka maji wakati wengine wamelala. Aliyekuwa na sikio kali kuliko wote ni kitindamimba wetu, msichana ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine bado hayajaota.

Kisha baba mkubwa akatuma habari kutoka Sigalame kwamba anakuja kutugawa. Mmoja angeenda Bumala kwa shangazi, mmoja Moding kwa wajomba, kitindamimba angeondoka naye kesho yake, na mimi nitafutiwe mume. Sikutaka. Niliona tukigawanywa tutakuwa watu wa kukutana matangani tu.

Mdogo wangu wa maneno mengi alikuwa na shauri. "Dada, leo uombe kwa nguvu. Mwambie Mungu vile unatupikia, vile tunaenda shule tumeoga. Mzee atasikia."

"Hayo nitamwambia mzee tukila. Sitapiga debe kwenye sala."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amekataa. Lakini sala itabaki sala."

Alinitazama kana kwamba nimeuza ng'ombe wa mwisho.

Mgeni alipofika jioni, tulikula ugali wa muhogo na mtama, kwa omena. Nikamwambia baba mkubwa waziwazi, bila kuzunguka, kwamba nataka tukae pamoja na kwamba naweza kuwalea. Alimaliza kutafuna.

"Wewe bado ni mtoto," akasema. "Asubuhi huyu mdogo tunaenda naye."

Tukafumba macho. Nilishukuru kwa chakula na kwa safari njema ya mgeni, nikaishia hapo, ingawa mdogo wangu alinifinya mguu kunikumbusha shauri lake. Baba mkubwa, kama mkubwa wa nyumba, akachukua nafasi ya kufunga. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutosha kanisa zima.

"Mungu wa babu zetu, unaona nyumba hii haina mwanamume. Unajua wasichana wa siku hizi wana vichwa vigumu. Wafundishe kwamba mkubwa akishasema..."

"Amina," akasema kitindamimba.

"Amina," tukaitikia sote kwa mazoea, kabla akili hazijafika.

Baba mkubwa akafumbua macho. "Nani amefunga sala yangu?"

"Mimi, baba mkubwa."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaongea na dada."

Nilimweleza ile sheria, huku nikijua nimemkabidhi sababu ya kutuita watoto wasio na adabu. Alinisikiliza, kisha akamgeukia kitindamimba. "Na dada yako naye mnamkata?"

"Jana tulimkata."

Alijikuna shingo. "Haya. Nianze tena."

Akafumba macho. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja.

"Bwana, nyumba hii ndugu yangu aliijenga, na sikuja hata kumsaidia kukandika. Hawa watoto wake sijui niwafanyie nini. Nisaidie."

Hakuna aliyemkatiza. Alisema amina mwenyewe.

Asubuhi nilikunja nguo za kitindamimba nikaziweka kwenye kikapu. Baba mkubwa alikunywa chai, akala mandazi, akatoka nje. Alisimama akitazama ukuta wa nyuma, uliokuwa umepasuka tangu mvua zilizopita.

"Jembe liko wapi?" akauliza.

Wadogo zangu wakatazamana. Lilipatikana nyuma ya choo, likiwa na kutu. Baba mkubwa akachimba udongo, tukateka maji, na hadi jua kupanda, ukuta ulikuwa umekandikwa. Akanawa mikono, akachukua kofia yake na kuondoka peke yake.

Alirudi mara nyingi baada ya siku ile, na kila mara sala alifunga yeye. Ila kabla hajafumba macho, alimtupia kitindamimba jicho kwanza.