Mwezi Uliopimwa Mara Chache

Gazeti lililofungiwa maandazi yetu lilikuwa la wiki tatu nyuma. Gichuru, mpima ardhi, alilikunjua magotini akatusomea, sote tumekaa kwenye kivuli cha miti ya miwati upande wa Burnt Forest.

"Wataalamu wameona mwezi mwingine wa sayari ya Mshtarii," alisema. "Kadogo kabisa, kako mbali na ile miezi mikubwa. Wamekapiga picha siku chache, kisha kamewapotea."

"Unapotea aje?" akauliza Walubengo. "Mwezi si mbuzi."

Vijana wa kazi wakaangua kicheko.

"Hawakupima mara za kutosha, Mzee. Ukipima mara mbili tatu, hujui kanapinda kwenda wapi. Kako huko tu, lakini hakuna anayejua pa kukatafuta."

Walubengo aliacha kutafuna. Alikuwa ameshika mnyororo wa kupimia mashamba ya watu tangu wazungu walipoanza kuuza na kuondoka, na alasiri hiyo zamu ilikuwa ya shamba lake.

Yeye na wanachama wenzake wa ushirika walinunua shamba zima la mzungu kwa pamoja, wakaingia kabla halijapimwa. Kila mtu alifyeka alipopenda. Walubengo, aliyetoka Bungoma, akajenga karibu na kijito. Mwaka wa pili surua ikamchukua bintiye Nasambu, wa miaka minne. Yeye na mkewe Nanzala wakamzika nyuma ya jiko, kama mtu anavyozika kwake. Baadaye wanachama wakaokota namba za vipande kwenye kofia. Yake ikaangukia hapo alipojenga, jirani na ya mwanachama mwenzake Mburu, na mpaka ungepita hapo hapo jikoni. Kaburi lingebaki upande gani, hakuna aliyejua.

Tulipofika, Walubengo alishika mti wa kupimia. Niliuona ukiinama kidogo kuelekea kwa Mburu.

"Nyoosha mti, Mzee," Gichuru akasema taratibu.

Akaunyoosha. Kaburi lilikuwa futi nane ndani ya shamba la Mburu.

"Pima tena," Walubengo akasema. "Usiwe kama wale wa Mshtarii."

Gichuru akapima tena, na mara ya tatu, bila kukasirika. Futi nane. Mara ya nne akamwita aangalie mwenyewe kwenye darubini ya kupimia. Walubengo alifumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu, kisha akarudi nyuma.

Mburu alikuwa amevua kofia. "Mzee, mimi sitamgusa mtoto. Lakini nikifa, au nikiuza, hapo sijui."

"Hata mimi sijui," Walubengo akamjibu. Akatugeukia. "Nanzala nitamwambia nini? Kila asubuhi anafagia hapo."

Saruji ya alama ya mpaka, waliyoimwaga vijana, ilikuwa imeanza kukauka, na kuandika namba juu yake ilikuwa kazi ya Walubengo. Akapiga magoti, akachukua msumari, akaandika namba ya Mburu upande wa kaburi, na yake upande wa pili.